Kurekebisha Hitilafu za Kiolesura katika KDE Plasma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayetumia Plasma, mazingira ya eneo-kazi ya Linux yanayotengenezwa na jumuiya ya KDE, ambaye amekutana na kitufe kisichobonyezeka, maandishi yaliyokatwa au dirisha linalofunguka mahali pasipofaa, na ambaye angependa tatizo hilo liondolewe kwenye chanzo chake badala ya kulizoea. Majibu yanachukulia kwamba msomaji anajua kutumia terminali na Git kwa kiwango cha kawaida.

Hitilafu ya kiolesura ni ipi hasa?

Ni hitilafu inayomzuia au kumpotosha mtumiaji katika kile anachokiona na kukigusa, hata pale ambapo kazi iliyo nyuma yake inafanyika sawasawa. Mtandao unaweza kuwa umeunganishwa huku ikoni ya trei ya mfumo ikionyesha kuwa haujaunganishwa; faili inaweza kuwa imenakiliwa yote huku arifa ikibaki kwenye asilimia 99. Programu inapokufa ghafla, KDE ina DrKonqi, ambayo hukusanya taarifa za tukio hilo na kumsaidia mtumiaji kuzituma. Hitilafu za kiolesura hazina msaidizi wa namna hiyo. Hugunduliwa kwa jicho la mtu anayetumia kompyuta, na ndiyo sababu ripoti iliyoandikwa kwa uangalifu ina thamani kubwa.

Je, jambo dogo kama nafasi isiyolingana kati ya vitufe linastahili kazi hii yote?

Linastahili. Mwaka 2022 Nate Graham, mmoja wa wasanidi wa KDE, alianzisha mpango wa kuzitafuta na kuziondoa hitilafu ambazo mtu angeziona ndani ya dakika 15 za kwanza za kutumia Plasma katika hali yake ya kawaida, kwa kuwa hizo ndizo zinazomfanya mgeni aone kwamba mfumo mzima haukutengenezwa vizuri. Hitilafu za kundi hilo hupewa kipaumbele cha juu katika mfumo wa ripoti wa bugs.kde.org, na ni mahali pazuri pa kuanzia kwa anayetafuta la kufanya. Kwa maoni yangu iko sababu nyingine iliyo nzito zaidi. Mtu aliyezoea kompyuta hulikwepa tatizo bila hata kujua kwamba analikwepa, lakini anayeshika kompyuta ya shule au ya ofisi kwa mara ya kwanza hajui njia ya pili. Kitufe kisipoonekana, kazi yake imeishia hapo.

Nitajuaje hitilafu iko katika sehemu ipi ya mfumo?

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote katika ukurasa huu, kwa sababu rekebisho lililowekwa kwenye tabaka lisilo lake huficha dalili mahali pamoja na kuiacha iendelee kujitokeza kwingine. Kinachoonekana kama dirisha moja ni kazi ya matabaka kadhaa. Chini kabisa kuna keneli ya Linux pamoja na viendeshi vya kadi ya picha. Juu yake kuna KWin, programu inayopanga madirisha, kuyachora kwenye skrini na kuyapelekea matukio ya kipanya na kibodi. Kisha kuna Qt, seti ya maktaba ambayo KDE imejengwa juu yake tangu Matthias Ettrich alipoutangaza mradi huo tarehe 14 Oktoba 1996. Juu ya Qt zimekaa maktaba za KDE Frameworks, ikiwemo Kirigami inayotoa vijenzi vya kurasa, orodha na vitufe. Mwisho kuna plasmashell, inayoonyesha paneli, wijeti na mandhari ya eneo-kazi, pamoja na programu za kawaida kama Dolphin.

Anza kwa kuondoa yaliyo yako binafsi. Fungua akaunti mpya ya mtumiaji kwenye kompyuta ileile na urudie hatua zilezile. Hitilafu ikitoweka, chanzo kiko kwenye mipangilio yako, kwa mfano katika faili ya kwinrc au ya plasma-org.kde.plasma.desktop-appletsrc zilizo ndani ya folda ya .config, au kiko kwenye mandhari uliyoipakua. Taarifa hiyo peke yake ina manufaa, kwa sababu mipangilio ya zamani isiyosomwa vizuri na toleo jipya nayo ni hitilafu halali.

Ikibaki, endelea kubadilisha kitu kimoja kimoja. Ikiwa tatizo linatokea vilevile katika programu iliyojengwa kwa GTK, seti nyingine ya maktaba isiyo Qt, kama GIMP, basi elekeza macho kwa KWin au kwa kiendeshi cha kadi ya picha. Likitokea katika programu zote za Qt lakini lisitokee katika za GTK, shuku Qt yenyewe au Breeze, mtindo unaochora vitufe na vitelezi. Likitokea kwenye wijeti moja tu, itafute wijeti hiyo katika hazina ya plasma-desktop au ya plasma-workspace. Na likijirudia katika kurasa nyingi zenye orodha za aina moja, yumkini liko Kirigami, ambako rekebisho moja litaziponya kurasa hizo zote kwa pamoja.

Soma pia kumbukumbu za mfumo kwa amri ya `journalctl --user -b -u plasma-plasmashell`. Msimbo wa QML, lugha inayotumika kuandika sehemu kubwa ya kiolesura hiki, unapokosea, mara nyingi huacha ujumbe wenye jina la faili na namba ya mstari, na mtu huweza kuokoa saa nyingi kwa kuusoma kabla ya kuanza kubahatisha.

Nikiripoti, niandike nini?

Andika hatua moja baada ya nyingine, kuanzia hali ambayo mtu mwingine anaweza kuifikia, kisha eleza kilichotokea na ulichotarajia kitokee. Taja toleo la Plasma, la Frameworks na la Qt, ambayo yote yanapatikana kwenye ukurasa wa taarifa za mfumo na yanaweza kunakiliwa kwa kitufe kimoja. Taja kama unatumia Wayland au X11, yaani mfumo mpya au wa zamani ambao programu hupitia ili kuonyesha madirisha kwenye skrini, idadi ya skrini zako, na kiwango cha ukuzaji cha kila skrini. Mambo haya yanaweza kuonekana hayahusiani na kitufe kilichokatwa, lakini skrini iliyokuzwa kwa asilimia 125 hutoa hitilafu ambazo mwenye skrini ya asilimia 100 hawezi kuziona kamwe, hata akiitumia kompyuta yake mwaka mzima.

Ripoti moja ibebe tatizo moja. Ukikusanya matatizo matano kwenye ripoti moja, hakuna atakayejua lini ifungwe. Picha ya skrini husaidia. Video fupi husaidia zaidi pale ambapo tatizo ni mwendo au kuchelewa. Kabla ya kutuma, tafuta kwanza kama mwingine ameshaliripoti, na kama unalo toleo ambalo halipati tena masahihisho, jaribu kwanza toleo jipya kupitia diski ya USB ya KDE neon, ambayo huwashwa bila kuwekwa kwenye kompyuta.

Kwa nini ripoti yangu ilifungwa bila kurekebishwa?

Mara nyingi ni kwa sababu uliulizwa swali na hukujibu. Ripoti inayosubiri maelezo hupewa hali ya NEEDSINFO, ukumbusho hutumwa baada ya siku 15, na ikipita muda kama huo tena bila jibu hufungwa na mfumo wenyewe. Hakuna aliyeidharau. Jibu swali lililoulizwa kisha ubadilishe hali yake, nayo itarudi kwenye foleni.

Ni lazima nijue C++?

Si kwa hitilafu zote. Sehemu kubwa ya kile mtumiaji anachokiona katika paneli, wijeti na kurasa za mipangilio imeandikwa kwa QML, lugha inayoeleza vitu vilivyopo kwenye skrini na uhusiano wa sifa zao, ikiambatana na JavaScript kidogo. Mtu aliyewahi kutengeneza kurasa za tovuti huweza kuisoma baada ya muda mfupi. C++ inahitajika unapogusa KWin, mtindo wa Breeze, au data inayolishwa kwenye orodha. Ushauri wangu ni kuanzia QML na kufuata hitilafu moja hadi inapokupeleka, kwa sababu C++ unayojifunza ukiwa na swali mahususi mkononi huingia akilini haraka kuliko ile ya kusomwa kwa mpangilio wa sura.

Nitaujaribuje msimbo bila kuiharibu kompyuta ninayoitegemea, hasa kama bando ni ghali na mashine ni dhaifu?

Chombo kinachotumika ni kde-builder, ambacho hupakua msimbo, hukompaili na kuweka matokeo ndani ya folda ya kde iliyo kwenye akaunti yako, kando kabisa na faili za mfumo. Ukikiacha kifanye kazi kwa kawaida yake, kitajenga pia maktaba zote za KDE ambazo sehemu yako inazitegemea, na hilo hula data na muda mwingi. Kwa hitilafu ya wijeti moja si lazima. Unaweza kuweka vifurushi vya maendeleo kutoka kwenye distro yako, yaani mkusanyiko wa Linux unaoutumia, na kukiamuru kijenge hazina moja tu bila vitegemezi vyake, mradi distro hiyo ina maktaba mpya za kutosha. Zile zinazotoa matoleo mapya mfululizo, kama Arch na openSUSE Tumbleweed, au mara kwa mara, kama Fedora, hufaa zaidi kwa kazi hii kuliko zinazokaa na toleo moja kwa miaka miwili.

Kuhusu majaribio, kuna mbinu tatu ambazo zingepaswa kujulikana zaidi. Kwanza, plasmoidviewer, iliyo katika mkusanyiko wa plasma-sdk, hufungua wijeti moja ndani ya dirisha lake, kwa hiyo paneli yako haiguswi. Pili, programu yoyote ya Qt inaweza kuanzishwa kwa `QT_SCALE_FACTOR=1.5` ili uone maumbo yake yakikuzwa. Tatu, na hii ndiyo yenye faida kubwa kwa mtu asiye na vifaa vingi, KWin yenyewe inaweza kuendeshwa ndani ya dirisha la KWin nyingine: amri ya `kwin_wayland --width 1280 --height 720 --output-count 2 konsole` hukupa skrini mbili za kuigiza kwenye kompyuta yenye skrini moja, na ukiongeza `--scale` unaweza kuigiza pia ukuzaji wake. Mtu mwenye kompyuta ya mkononi iliyotumika anaweza kwa njia hii kuchunguza hitilafu zilizoripotiwa na wenye meza zilizojaa skrini.

Ni makosa gani hujirudia zaidi katika msimbo wa kiolesura?

La kwanza ni ukubwa uliotajwa kwa namba. Chukua mfano wa kidirisha ibukizi ambacho maandishi yake hukatwa mtumiaji anapoongeza ukubwa wa fonti. Ukifungua faili yake unakuta upana umeandikwa kuwa pikseli 200. Wengi hubadilisha 200 ikawa 260, wakaona maandishi yametosha, wakatuma. Kesho yake mwenye fonti kubwa zaidi, au lugha yenye maneno marefu zaidi, anakuta yamekatwa tena. Njia sahihi ni kuacha upana utokane na yaliyomo, kwa kutumia sifa ya `implicitWidth` pamoja na mipangilio ya Layout, na pale namba inapohitajika kweli, itokane na `Kirigami.Units.gridUnit`, kipimo kinachofuata ukubwa wa fonti ya mtumiaji.

La pili ni kuvunja ufungamano wa sifa. Katika QML, sifa iliyoandikwa kwa alama ya nukta mbili hubaki imefungamana na chanzo chake, nayo hubadilika kila chanzo kinapobadilika. Lakini msimbo wa JavaScript ukiipa sifa hiyo thamani kwa alama ya sawasawa, ufungamano hukatika kimyakimya, na kuanzia hapo kitu hicho hakisikii tena mabadiliko. Dalili yake ni rahisi kuitambua ukishaijua: kila kitu kiko sawa hadi mtumiaji anapogusa kitufe fulani kwa mara ya kwanza, na baada ya hapo onyesho hubaki lilivyo hadi plasmashell ianzishwe upya. Ripoti inayosema “hutokea baada ya kubonyeza mara moja” ni kidokezo kikubwa cha kosa hili.

La tatu huhusu ukuzaji wa sehemu ya pikseli. Katika asilimia 150, mstari wa pikseli moja huhitaji pikseli moja na nusu, jambo ambalo skrini haiwezi kulionyesha. Mstari huo utakuwa mnene mahali pamoja, mwembamba mahali pengine, au wenye ukungu. Itifaki ya Wayland ya ukuzaji wa aina hiyo ilikamilika mwaka 2022 na Plasma 5.27 ikaipokea mwanzoni mwa 2023, hivyo programu sasa huweza kujua kiwango halisi cha ukuzaji, ila kazi ya kuvipanga vitu vikae juu ya mipaka ya pikseli bado ni ya msimbo unaovichora.

Yako mengine, kama ikoni isiyo na rangi inayofaa mandhari ya giza, lakini hayo huonekana mara tu ukibadilisha mandhari.

Hitilafu ilianza baada ya kusasisha. Je, kuna njia ya kulipata badiliko lililoileta?

Ipo, nayo ni `git bisect`. Unaiambia Git ni toleo gani lilikuwa zima na lipi ni bovu, nayo inakupeleka katikati. Unajenga, unajaribu, unajibu, na nusu moja inaondolewa kila mara. Mabadiliko 1,000 humalizwa kwa hatua zipatazo 10. Kazi hii haihitaji kuuelewa msimbo hata kidogo, inahitaji subira na njia ya uhakika ya kuirudia hitilafu. Mtu anayeweka kwenye ripoti jina la badiliko lililoleta tatizo amefanya sehemu kubwa ya kazi ya msanidi, na anastahili kuhesabiwa miongoni mwa walioirekebisha.

Kwa nini kitu kilichofanya kazi kwenye X11 hakifanyi kazi kwenye Wayland?

Plasma 6.0, iliyotolewa tarehe 28 Februari 2024, ndiyo iliyoifanya Wayland kuwa chaguo la kawaida. Chini ya X11, programu yoyote iliweza kujiweka popote kwenye skrini, kuchungulia madirisha ya wenzake na kunyakua kibodi. Wayland inaiachia KWin maamuzi hayo, kwa usalama wa mtumiaji. Kwa hiyo programu inayotaka kujitokeza mbele lazima iombe kibali kupitia itifaki maalumu, na ile iliyozoea kukumbuka mahali dirisha lake lilipokuwa haiwezi tena kujirudisha hapo yenyewe. Kabla ya kuiita hali hiyo hitilafu, jiulize kama programu ilitegemea ruhusa ambayo haikupaswa kuwa nayo. Amri ya `echo $XDG_SESSION_TYPE` itakuonyesha uko wapi.

Lugha inahusikaje na hitilafu za kiolesura?

Inahusika sana, na mzungumzaji wa Kiswahili huona kasoro ambazo msanidi anayefikiri kwa Kiingereza hazioni. Msimbo ukiunganisha vipande vya sentensi, jina la kitu likaja upande mmoja na kitenzi upande wa pili, mfasiri hana njia ya kupatanisha: folda imefutwa, kiungo kimefutwa, na madirisha yamefungwa, wala hakuna kiambishi kimoja kinachoyatosha yote. Rekebisho ni kuandika sentensi nzima kwa kila hali, kwa kutumia kazi za `i18nc`, ambayo humpa mfasiri maelezo ya muktadha, na `i18np`, ambayo hutenganisha umoja na wingi. Jaribu pia upande wa pili wa skrini: programu ya Qt ikianzishwa kwa `-reverse` hupangwa kutoka kulia kwenda kushoto, kama ilivyo kwa watumiaji wa Kiarabu, na mishale mingi iliyosahauliwa hujitokeza papo hapo.

Na watumiaji wasiotumia kipanya?

Pitia kila sehemu unayoirekebisha kwa kitufe cha Tab pekee. Ikiwa huwezi kufika kwenye kitufe fulani, au hujui umesimama wapi, basi hitilafu ipo hata kama hakuna aliyeiripoti. Kitufe chenye ikoni bila maandishi kipewe jina kupitia sifa ya `Accessible.name`, la sivyo kisoma skrini kama Orca hakitakuwa na la kumwambia mtu asiyeona.

Nitalitumaje rekebisho langu?

Jisajili kwenye KDE Identity, kisha uingie invent.kde.org, mfumo wa GitLab ambao KDE inautumia tangu 2020. Nakili hazina husika, fungua tawi, weka badiliko lako na utume ombi la kuunganisha msimbo. Badiliko liwe dogo na lenye kusudi moja. Usafishaji wa nafasi na majina ya vigezo usichanganywe humo, kwa sababu mkaguzi analazimika kutafuta mistari mitatu yenye maana katikati ya mistari mia isiyo na maana. Katika ujumbe wa badiliko eleza chanzo cha tatizo, na mwishoni uandike mstari wa `BUG:` ukifuatiwa na namba ya ripoti, ili ripoti ifungwe yenyewe badiliko litakapopokelewa. Ambatanisha picha ya kabla na ya baada, ikiwezekana katika mandhari ya mwanga na ya giza.

Mkaguzi amesema rekebisho langu ni sahihi lakini liko mahali pasipo pake. Nifanye nini?

Mwulize mahali pake ni wapi, na ulihamishie huko. Jibu la namna hii huvunja moyo kwa sababu kazi ilikuwa tayari inaonekana kwenye skrini yako, lakini mara nyingi humaanisha kwamba umegundua kasoro iliyo katika maktaba inayotumiwa na programu nyingi, na hilo ni jambo kubwa kuliko ulilokusudia. Ombi likikaa muda mrefu bila kuguswa, si utovu wa adabu kukumbusha kwa upole. Wakaguzi wengi ni watu wa kujitolea wenye maombi mengi mezani.

Rekebisho likipokelewa, watumiaji watalipata lini?

Inategemea tawi. Rekebisho lisiloongeza maandishi mapya na lenye hatari ndogo hunakiliwa kutoka tawi kuu kwenda tawi imara kwa `git cherry-pick -x`. Lenye maandishi mapya kwa kawaida husubiri toleo kubwa lijalo, ili wafasiri wapate nafasi. Baada ya kila toleo kubwa la Plasma, matoleo ya masahihisho hufuata kwa vipindi vinavyopanuka: wiki moja, wiki moja tena, mbili, tatu, kisha tano. Frameworks hutolewa kila mwezi. Hata hivyo distro ndiyo yenye neno la mwisho kwa mtumiaji wa kawaida. Kubuntu 24.04 ilitoka na Plasma 5.27 na Debian 13 ilitoka na Plasma 6.3, na kila moja hubaki na mfululizo huo katika uhai wake wa kawaida, kwa hiyo mwenye Kubuntu hiyo hatapata rekebisho la Plasma 6 kupitia sasisho la kila siku. Ukimsaidia mtu wa namna hiyo, mweleze jambo hili waziwazi tangu mwanzo, na umpe njia ya kulikwepa tatizo lake kwa muda uliobaki.